Miti na maji ya mji hulindwa kabla tingatinga halijaingia kiwanjani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni tuseme jambo moja kuhusu miji inayokua haraka. Mazingira ya mji yakijadiliwa, mazungumzo huishia kwenye upandaji wa miti: miche mingapi, siku gani, mgeni rasmi nani. Sisi tunaoshughulika na miti, udongo na maji ya mvua mijini tunaona hasara kubwa ikitokea mapema zaidi, katika siku chache kati ya kutolewa kwa kibali cha ujenzi na kuchimbwa kwa msingi. Hizo ndizo siku ambazo tingatinga husafisha kiwanja. Kinachoharibiwa hapo hakirudishwi na miche, iwe elfu moja au elfu kumi.

Tuanze na mti mkubwa uliopo tayari. Wengi hudhani mizizi huzama ardhini sawa na matawi yanavyopanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imo katika sentimita 60 za juu, na ile myembamba inayonyonya maji na chakula hukaa zaidi katika sentimita 30 za kwanza. Hutambaa kuliko inavyozama, na mara nyingi huvuka mbali ukingo wa kivuli. Kwa hiyo mkandarasi anayeacha mti umesimama, kisha akapitisha malori chini yake, akamwaga kokoto hapo na kuchanganyia zege hapo hapo, ameuua bila kugusa shina. Udongo wenye afya karibu nusu yake ni nafasi wazi zenye maji na hewa. Uzito wa lori hufinya kwanza zile nafasi kubwa zinazopitisha hewa, na mizizi, ambayo nayo hupumua, hukosa oksijeni. Mti hauanguki siku hiyo. Msimu unaofuata hutoa majani madogo, kisha ncha za matawi ya juu hukauka, wadudu na ukungu huingia, na baada ya miaka miwili hadi mitano umekufa. Wakati huo mkandarasi keshaondoka na wenye nyumba wanasema mti ulikuwa umezeeka.

Kinga yake inajulikana na haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Chukua futi kamba, pima mzingo wa shina kwenye kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kipenyo mara 12. Jibu ndilo umbali wa kulindwa kutoka kwenye shina, kila upande. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50, hivyo hulindwa kwa mita 6 kuzunguka. Mpaka huo uzungushiwe nguzo na mabati au waya mgumu kabla mashine ya kwanza haijaingia, na uzio uwe kitu cha mwisho kuondolewa. Utepe wa plastiki hautoshi. Husogezwa siku ya kwanza lori linapokosa pa kugeuzia.

Ndani ya uzio kisiwekwe kitu chochote. Maji ya kuoshea mashine ya zege tunayataja peke yake kwa sababu watu huyaona hayana madhara. Yana alikali kali mno. Yakiingia ardhini huufanya udongo ushindwe kuupa mti madini ya chuma, na majani hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Vivyo hivyo kifusi: hata sentimita 15 za udongo mzito zikitandazwa juu ya mizizi zinaweza kuunyima hewa mti uliokomaa. Bomba likilazimika kupita eneo hilo, mtaro uchimbwe kwa mkono, na mzizi wowote mnene kuliko kidole gumba uachwe mzima, bomba lipitishwe chini yake. Kijiko cha mashine hakikati mzizi, huurarua, na mpasuko huingia ndani kuelekea shina.

Baada ya mti, udongo wenyewe. Tabaka la juu lenye rutuba, aghalabu sentimita 15 hadi 20, limechukua miaka mingi sana kutengenezeka, na kwenye viwanja vingi hubebwa pamoja na kifusi likatupwa. Likwanguliwe peke yake, likiwa kavu, lilundikwe pembeni kwa kimo kisichozidi mita 2. Lundo likiwa refu kupita hapo, katikati hukosa hewa na viumbe wanaoupa udongo uhai hufa. Lioteshwe majani ya haraka ili mvua isilisombe. Ujenzi ukiisha, ardhi iliyoshindiliwa ichimbuliwe kwa sululu angalau sentimita 30 kabla ya kurudisha udongo huo. Ukiutandaza juu ya sakafu ngumu, maji yatasimama na bustani itaoza kuanzia chini.

Sasa maji, ambayo ndiyo hasa yanayotufanya tuandike. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 50 hukusanya lita 5,000. Kiwanja kizima cha mita 400 za mraba, kikisakafiwa ukuta kwa ukuta, humwaga karibu lita 20,000 mtaani. Mtaa wenye viwanja 50 vya namna hiyo unasukuma lita milioni moja kwenye mtaro ambao pengine ulichimbwa wakati kulikuwa na nyumba kumi na nyasi. Wakazi hulaumu mtaro kuwa mdogo au umejaa takataka, na mara nyingi kweli umejaa. Lakini hata ukizibuliwa kila wiki, mtaro hauwezi kufanya kazi ya ardhi yote iliyofunikwa juu yake. Kuupanua tu huharakisha maji na kuwapelekea mafuriko walio bondeni.

Kila kiwanja kina uwezo wa kumeza sehemu ya maji yake, na uwezo huo hupimwa. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywee. Lijaze tena, simamisha rula ndani na usome maji yameshuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, ardhi inafaa kwa bustani ya kunywesha mvua. Chini ya sentimita 1 kwa saa, ardhi ni nzito mno, basi tumia matangi ya kuvunia maji na uache nafasi ya nyasi.

Bustani ya kunywesha mvua ni beseni pana lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, chini likiwa tambarare, lililopandwa mimea ya asili inayovumilia kuloa na kukauka. Eneo lake liwe kama sehemu moja kwa kumi ya paa na sakafu zinazoliletea maji. Likae angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na karo la choo na kisima. Upande mmoja wa ukingo uwe chini kidogo na uwekewe mawe, ili mvua kubwa ikijaza beseni maji yatokee hapo unapotaka wewe. Maji yaishe ndani ya saa 24, yasizidi 48. Hofu ya mbu ni ya haki, lakini mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo beseni linalokauka kwa siku mbili haliwazalishi. Linalowazalisha ni lile lililoziba.

Na huziba kwa sababu moja kuliko zote: huchimbwa mapema, kisha tope la ujenzi likaingia. Udongo laini hutanda chini na kukaza. Bustani hii ichimbwe mwisho kabisa, baada ya kiwanja kizima kuota majani. Kuziba huko huko ndiko kunakoua vitofali vya pevingi vinavyopitisha maji. Mafundi huzoea kujaza nafasi kati ya tofali na tofali kwa mchanga au hata saruji, na kushindilia kifusi chini. Vitofali vya aina hiyo vinahitaji changarawe safi ndogo kwenye viungo, na chini yake tabaka la kokoto zilizooshwa, zisizo na vumbi, lenye unene wa sentimita 20 hadi 30 kufuatana na uzito wa magari. Vifagiliwe mara kwa mara, na changarawe iliyojaa vumbi ibadilishwe.

Juu ya yote haya kuna ardhi ambayo haikupaswa kuwa kiwanja. Bonde la ardhioevu lenye ukubwa wa hekta moja likihifadhi maji kwa kina cha nusu mita wakati wa mvua linabeba mita za ujazo 5,000, yaani lita milioni 5. Likijazwa kifusi, maji hayo hayapotei. Huingia kwa majirani. Anayejaza bonde hainui kiwanja chake tu, anashusha vya wenzake. Pamoja na maji hupotea matete na mafunjo yanayochuja uchafu bila umeme wala dawa. Mji wa Kolkata nchini India umejengwa kando ya ardhioevu ya hekta 12,500 ambako maji taka ya mji husafishwa na jua, vijidudu na mimea, kisha hulisha mabwawa ya samaki; tangu mwaka 2002 eneo hilo linatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Hakuna mtambo ungejengwa ukafanya kazi hiyo yote kwa gharama ile.

Kurejesha kilichofunikwa kunawezekana, ila ni kazi nzito. Seoul, Korea Kusini, ilibomoa barabara ya juu na kufukua kijito cha Cheonggyecheon kwa takriban kilomita 6, kikafunguliwa mwaka 2005. Wakazi wamenufaika, lakini maji mengi yanayotiririka pale husukumwa kwa pampu, kwa sababu kijito chenyewe hakina maji ya kutosha kutiririka mwaka mzima. Kulinda mapema huonekana hivi: mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa wakipinga msitu wa Karura kugawanywa viwanja. Leo msitu huo wa hekta 1,000 hivi bado umesimama ndani ya Nairobi. Wale waliosimama pale walikuwa wanalinda kitu ambacho hakuna bajeti ya kupanda miti ingekirudisha.

Kwenye kingo za mito tutakuwa wafupi. Mimea yenye mizizi mirefu iachwe, mchanga usichimbwe karibu na madaraja kwa kuwa kitako cha mto hushuka na nguzo hubaki wazi, na ukuta wa zege usiwe jibu la kwanza, maana hurusha nguvu ya maji upande wa pili.

Hatupingi kupanda. Tunaomba kupanda kufanywe vizuri. Shimo liwe na upana mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, lakini kina kisizidi donge lenyewe. Kiriba kiondolewe chote. Kuna miche inayozikwa na plastiki yake, mizizi ikazunguka mle ndani hadi kujinyonga miaka kadhaa baadaye. Mizizi iliyokwisha kuzunguka inyooshwe au ikatwe. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Kuzikwa shina ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya miti ya mijini. Weka matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 10 yasiyogusa shina. Mche wa kimo cha mtu upewe kama lita 20 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kwa miaka miwili ya kwanza, na kamba inayoufunga kwenye mti wa kuuegemeza ifunguliwe baada ya mwaka mmoja kabla haijakata gome. Miche 100 iliyopandwa hivi na kutengewa mtu wa kuimwagilia ina faida kuliko 1,000 iliyoachiwa mvua.

Tunachopendekeza kwa mamlaka za miji ni hiki. Kila ramani inayoombewa kibali ionyeshe mambo matatu ambayo leo hayaonekani: mahali ilipo miti mikubwa na duara la ulinzi wake, njia ambayo maji ya mvua hufuata sasa na yatakapokwenda baada ya ujenzi, na mahali udongo wa juu utakapolundikwa. Mkaguzi afike kuona uzio wa miti kabla mashine haijaruhusiwa kuingia, si baada ya msingi kukauka. Mkandarasi aweke dhamana ya fedha kwa kila mti uliochorwa kwenye ramani. Na dhamana hiyo isirudishwe siku ya kukabidhi jengo, bali baada ya ukaguzi wa pili miaka miwili mbele, kwa sababu siku ya makabidhiano mti uliokufa mizizi bado una majani ya kijani.

Ni sisi wasomaji wako,
Watunza miti na mafundi wa maji ya mvua