Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: Tusingoje kijana afikishwe hospitalini

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa Kilifi, niliyeshughulikia ushauri nasaha katika shule ya upili kwa miaka kumi na minne. Haja yangu ni moja. Naomba Wizara yako iziwekee kaunti ruzuku ya masharti, ya miaka isiyopungua mitano, itakayotumika tu kuwahudumia vijana tangu dalili za kwanza za maradhi ya akili zinapojitokeza.

Nina mvulana mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa kidato cha pili. Kwanza aliacha kucheza mpira, kisha akaacha kulala, na muhula ulipokaribia kwisha alikuwa akikaa nyuma ya darasa akizijibu sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Wazazi wake walihangaika kwa waganga na kwenye maombi, nami siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mlango mwingine. Zahanati ya karibu haikuwa na mtu wa kumpokea, na nauli ya mzazi na mtoto kwenda Mombasa na kurudi ilikuwa chakula cha nyumba nzima kwa siku kadhaa. Alifika kwa daktari baada ya miezi kumi, akiwa amefungwa kamba mikononi. Leo anatumia dawa na anaendelea vizuri kiasi, lakini shuleni hakurudi tena.

Ni hiyo miezi kumi, Mheshimiwa, ninayokuomba uigharamie. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kadiri maradhi ya aina hii yanavyokaa bila tiba, ndivyo mgonjwa anavyochelewa kupata nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu yake kabla ya miaka 18, yaani wakati watoto wetu wangali darasani. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 17 na kutolewa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 44.3 wakiwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 wakiwa wamefikia kiwango cha kuitwa wagonjwa.

Sheria hatukosi. Jopo la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na daktari wa maradhi ya akili Frank Njenga, lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Nilifurahi sana siku hiyo, kwa sababu nimewahi kuona familia ikimficha binti yao kwa kuogopa polisi. Lakini mzazi aliyeondolewa hofu ya polisi bado anauliza ampeleke wapi mwanawe, na katika wadi nyingi za kaunti yetu jibu ni Mombasa.

Fedha ninazoziomba si za kujenga majengo. Ni za mshahara wa muuguzi au tabibu aliyefunzwa afya ya akili katika kila kituo cha afya, nauli ya kumfikisha shuleni, dawa zisizokatika, na posho ya vijana wa kijijini wanaoweza kufunzwa kusikiliza na kujua ni nani wa kupelekwa mbele. Zimbabwe wamewafunza bibi vizee kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba walisaidia. Hapa kwetu pia, vijana waliomaliza shule juzi tu wamefunzwa kuongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari, na dalili za huzuni na wasiwasi zikapungua.

Nasisitiza miaka mitano kwa sababu nimeuona mradi wa mwaka mmoja. Mshauri alikuja, wanafunzi wakachukua miezi kumzoea, na walipoanza kumfungulia moyo, mkataba wake ukaisha. Msichana mmoja aliniuliza atarudi lini, nami sikuwa na la kumjibu.

Njia mnayo tayari. Kwa wahudumu wa afya ya jamii mlikubaliana na kaunti kugawana posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kwa nusu. Mpango kama huo unaweza kubeba jambo hili, mradi pesa zifike kwa wakati. Na mtakapozidai kaunti hesabu, msiulize zimefanya semina ngapi. Ulizeni ni siku ngapi zimepita tangu mwalimu au mzazi aone dalili hadi kijana akaonana na mhudumu.

Makadirio ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Naomba ruzuku hii iwe na mstari wake humo, ukitaja vijana kwa jina, ili sisi tulio mashinani tuweze kuufuatilia.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Kilifi