Uliza sindano

Marangu, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Dada yako kanionyesha picha uliyoweka stetasi. Mkononi umejiandika kwa kalamu jina la baba yako, na chini yake umesema Jumamosi unakwenda kulichora la kudumu. Nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji.

Huyo fundi wa huko Arusha anatumia sindano gani? Anaifungua kwenye pakiti mbele yako, au unakuta ameshaifunga kwenye mashine? Na wino, anakumiminia kwenye kikopo kipya au anachovya palepale alipomchovyea mteja wa asubuhi? Usinijibu kwamba ni msafi. Nesi wa zahanati ameniambia kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili na bado kikaambukiza. Nimetoa kadi yako ya kliniki kabatini: hiyo ulichanjwa, dozi zote. Ila homa ya ini C haina chanjo, na Ukimwi hauna.

Unasema Wamasai wanatoga masikio na kuyavuta, Wabarabaig wana chale zinazozunguka macho, mbona hakuna anayewasema. Sawa. Mchungaji atakutajia Walawi 19:28, na mstari wenyewe unataja wafu. Hilo mtamalizana naye. Mimi naijua ngozi yetu. Donge la sikio langu unalijua, lakini lilianza na tundu la mwiba wa mlimao, dogo kama punje ya ulezi, na walipolikata hospitali likarudi kubwa zaidi. Makovu ya namna hiyo hutembea kwenye ukoo. Jina la baba yako likivimba hivyo, nani atalisoma?

Na Polisi umeshaacha kuitaka? Matangazo yao ya ajira huwa yanakataa mwenye alama za kuchorwa mwilini. Haya, hilo nimelisema mara moja.

Mwandiko ni mzuri, sitakuficha. Ile R umeipa mkia kama aliokuwa akiupiga yeye kwenye magunia ya kahawa. Sikujua kama uliwahi kuutazama. Lakini msalaba wa kaburi lake huku kihambani rangi imebanduka, herufi mbili hazisomeki, na tangu Krismasi unaahidi kuja kuuandika upya. Hela ya fundi umeipata wapi?

Zile chale mbili za kifuani hukuniomba. Ulikuwa na degedege, bibi yako akamwita yule mzee wa kule juu. Wembe hakuufungua kwenye karatasi, aliutoa mfukoni. Aliyekushika mikono ni mimi, na sikuuliza kitu, niliona nitamvunjia heshima. Kwa hiyo wewe uliza sindano, hata kama kuna foleni nyuma yako, hata kama atanuna. Akishaifungua, ipige picha unitumie kabla hajaanza.

Ng'ombe amezaa ndama jike, maziwa ya kwanza tumemwachia mwenyewe. Bomba la juu limekauka tena, tunachota mferejini. Mjomba wako anauliza kama utakuja kumsaidia kupogoa kahawa, nimemwambia akupigie mwenyewe.

Ukija, niletee rangi nyeusi ya mafuta, kopo dogo linatosha, na brashi nyembamba ya kuandikia. Mafuta ya taa ya kuoshea ninayo.

Mama yako