Silikoni na grisi zinaua injini za rota zilizokarabatiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji niwaandikie mafundi wenzangu na wenye magari ya Mazda RX-8 na RX-7, yale yaliyoingia kwetu kama mitumba kutoka Japani. Injini hizi za rota zinafunguliwa, zinafungwa, kisha zinakufa tena baada ya muda mfupi. Lawama huenda kwa Mjapani au kwa spea, lakini mara nyingi ukiifungua tena unakuta mambo mawili: silikoni imepakwa pasipotakiwa, na grisi imejazwa mahali palipohitaji mafuta mepesi.

Injini ya 13B, ile ya rota iliyomo kwenye RX-8 na RX-7 nyingi, haina pistoni, valvu wala gasketi ya silinda hedi. Ni tabaka tano: sahani tatu za chuma cha kusubu, na katikati yake hauzingi mbili za aluminiamu ambamo rota, vile vipande vya pembe tatu, zinazunguka. Zote hubanwa pamoja kwa bolti ndefu. Kinachozuia maji yasiingie kwenye chumba cha moto ni raba nyembamba nane, mbili kwa kila ungio, ya ndani na ya nje. Injini ikipata joto, aluminiamu hutanuka kuliko chuma, hivyo nyuso hizo husogea kidogo kila gari linapowashwa na kuzimwa. Raba inamudu mwendo huo kwa sababu ni laini na imekaa kwenye mfereji wake.

Sasa fundi akipaka silikoni uso mzima wa hauzingi, anaharibu mambo matatu kwa mkupuo. Utando wa silikoni unazuia chuma kisikutane na aluminiamu, kwa hiyo raba haibanwi inavyostahili. Ziada inaminywa ndani ya njia za maji na za oili. Na iliyominywa upande wa rota inaungua na kuacha makapi kwenye sili, vile vipande vya kwenye ncha, kona na ubavu wa rota vinavyoziba chumba cha moto. Uso wa maungio haya unatakiwa uwe mkavu, msafi, usio na mabaki ya gundi ya zamani. Wapo mafundi wazuri wanaopaka utando mwembamba sana wa gundi isiyokauka, kama ile ya bluu ya Hylomar, na sina ugomvi nao, mradi iwe nyembamba kiasi cha kuona rangi ya chuma chini yake. Gundi inayokauka na kuwa ngumu haifai kabisa hapo.

Kabla ya kufikiria gundi yoyote, kagua mfereji wa raba. Katika 13B za RX-7 za kizazi cha pili na cha tatu, mfereji umechongwa kwenye sahani za chuma, na ukuta wake wa upande wa chumba cha moto ni mwembamba. Ukikuta ufa au kutu iliyokula ukuta huo, sahani hiyo haifai tena, na hakuna tyubu ya gundi inayoweza kuifufua. Kutu hiyo chanzo chake ni maji ya bomba yanayojazwa kwenye rejeta badala ya kulanti. Mchanganyiko sahihi ni nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa, yale ya kujazia betri. Na zile dawa za kuziba rejeta inayovuja zisiingie humo.

Silikoni ina mahali pake. Pa kwanza ni chini ya injini. Uso ambao sampu, yaani beseni la oili, inakaa si wa kipande kimoja, ni kingo za zile tabaka tano, zenye mistari minne ya maungio. Ukipitisha kidole utasikia vipande havilingani sawasawa. Hapo ndipo oili inapodondokea, na hapo ndipo miguu ya hauzingi inahitaji silikoni kidogo wakati wa kupanga tabaka. Baada ya kukaza, kata iliyojitokeza kwa wembe. Kisha, unapofunga sampu, weka mstari mmoja usiokatika wenye unene wa milimita 4 hadi 6, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Mstari mnene kuliko huo unamwaga ziada ndani ya sampu, vipande vinakatika, vinafika kwenye chujio la kunyonyea oili, na bering zinakosa oili wakati dereva anaona injini kavu nje na anafurahi. Safisha nyuso kwa kisafishio cha breki kwanza, funga kabla silikoni haijashika ngozi, na uiache ikauke usiku kucha kabla ya kujaza oili. Tumia silikoni isiyodhuru sensa. Ile ya bei rahisi yenye harufu ya siki inakula chuma, na mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni.

Pa pili ni ubapa wa gia tuli ya nyuma, ile isiyozunguka iliyofungwa kwenye sahani ya nyuma: utando mdogo pamoja na oringi (raba ya duara) mpya. Pa tatu ni nati kubwa ya flaiwili kwenye RX-7 za gia za mkono, ile ya spana ya milimita 54. Oili hupenya kwenye mfereji wa ufunguo wa shafti na kutokea nyuma ya nati, kwa hiyo uso wake unaokaa kwenye flaiwili hupakwa silikoni, nyuzi zikapakwa gundi ya kushikia nati, kisha inakazwa kwa spana ya kipimo kati ya Nm (nyutoni mita) 392 na 490. Wengi wanaona oili nyuma wanabadilisha sili ya shafti mara mbili, mara tatu, kumbe njia ni hiyo. Oringi za pini za kuongozea tabaka nazo zibadilishwe zote, kwa sababu oili yenye presha inapita hapo.

Nije kwenye vilainishi. Rafiki mkubwa wa fundi wa injini ya rota ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Hayo ndiyo yanayoshikilia raba za maji kwenye mfereji wakati unageuza sahani, na ndiyo yanayoshika sili za kona na vijispringi vyake visidondoke. Yakipata joto yanayeyuka, yanachanganyika na oili na kuondoka. Grisi ya bering za magurudumu haifanyi hivyo. Ina sabuni ndani yake inayobaki baada ya mafuta kuisha, inaganda kwenye mifereji ya sili, na sili isiyoweza kupanda na kushuka haizibi kitu. Sili za ubavuni ndizo zinazoumia zaidi, hasa kwenye RX-8, maana moshi wake hutokea kwenye sahani za pembeni na masizi hujikusanya hapo hapo.

Nafasi kati ya sili ya ubavuni na sili ya kona iwe milimita 0.05 hadi 0.15. Ipime kwa geji, usikadirie kwa jicho. Ikizidi 0.4, tupa. Ikibana mno, sili itatanuka kwa joto na kukwama. Kwa sili za ncha, zile zenye vipande, kile kipembe kidogo kinapenda kuanguka wakati unashusha hauzingi juu ya rota. Tone la supa gluu lisilozidi kichwa cha kiberiti linatosha kukishika. Injini ikiwaka, gluu hiyo inaungua yote. Ukiweka zaidi, kipembe kinaganda na chumba hicho kinakosa kompresheni tangu siku ya kwanza.

Bering za rota na za shafti zipakwe oili ya injini au kilainishi cha kuunganishia injini, kwa wingi. Ukuta wa hauzingi upate utando tu wa oili, wa kupaka kwa kidole. Ukimwaga, plagi zinalowa na injini haiwaki. Pete za oili zipakwe oili, na oringi zilizo ndani yake mafuta ya mgando, ziingie bila kujisokota. Oringi iliyojisokota ndiyo ule moshi wa bluu ambao hauishi.

Bolti ndefu zipate matone machache ya oili kwenye nyuzi, na washa zake za kuzibia ziwe mpya. Kaza kwa mpangilio wa kitabu cha Mazda, kwa awamu, mwisho Nm 32 hadi 39. Ni nguvu ndogo, na mafundi waliozoea hedi za dizeli huizidisha. Baada ya kila awamu zungusha shafti kwa mkono. Ikikwama, simama, tafuta sili iliyolala. Mchezo wa shafti mbele na nyuma uwe milimita 0.04 hadi 0.07.

Kuhusu oili ya tustroki kwenye petroli: injini hii inachoma oili kwa makusudi, kuna pampu maalumu inayoipeleka kwenye sili. Pampu ikiwa nzima, mililita 100 kwa lita 20 za petroli ni nyongeza nzuri. Ikiwa imeondolewa, weka mililita 200, na usisahau hata tangi moja. Mimina oili kwanza ndipo petroli ifuate ili vichanganyike. Na kwa kuwa oili ya injini inapungua, kipimo kiangaliwe kila unapojaza tangi kwa mara ya pili. Wapo wanaouza RX-8 bila kumwambia mnunuzi jambo hili. Ni kumtia hasara mtu.

Siku ya kuwasha, ondoa fyuzi ya mfumo wa petroli, zungusha kwa stata mpaka presha ya oili ipande, ndipo urudishe. Moshi mzito mweupe na wa bluu kwa dakika 10 hadi 20 ni mafuta ya mgando na oili vinaungua, usiogope. Ukiendelea kesho yake ukiwa mweupe na wenye harufu tamutamu, toa plagi za chini asubuhi injini ikiwa baridi. Ikiwa zimelowa kulanti, raba ya maji haikukaa. Kompresheni ipimwe kwa kipimo cha injini za rota kinachosoma vyumba vyote vitatu vya kila rota. Kwa RX-8, katika mizunguko 250 kwa dakika, kiwango ni kPa 830, na chini ya 680 injini hiyo irudi mezani. Sili mpya husoma chini kidogo mwanzoni, kwa hiyo pima tena baada ya kilomita mia kadhaa, baada ya kumwaga ile oili ya kwanza.

Fundi wa injini,
Dar es Salaam