Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chupa ya manjano na goti la kijana

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa Morogoro mjini. Mwezi uliopita mama mmoja aliniwekea chupa juu ya kaunta akaniuliza, "Mwanangu, hii naweza kumpa pamoja na diklofenaki?" Diklofenaki ni dawa ya maumivu. Ndani mlikuwa na maji mazito ya manjano yaliyovuja hadi kwenye lebo. Lebo ilisema dawa hiyo huua seli za saratani ya mifupa na kwamba imethibitishwa na utafiti. Aliinunua kwa shilingi 60,000. Mgonjwa alikuwa nje, kakaa kwenye bodaboda, kijana wa kidato cha pili, goti la kushoto limevimba hadi ngozi inang'aa. Miezi minne alikuwa anachuliwa, maana alianguka mpirani.

Kinachoniuma, Mheshimiwa, ni kwamba utafiti huo upo kweli. Kurkumini, ile rangi iliyomo kwenye kiungo cha manjano, ikimiminwa kwenye kisahani cha maabara chenye seli za osteosakoma, aina ya saratani ya mifupa, seli hupunguza kasi ya kugawanyika na nyingi hujiua zenyewe. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa mara nyingi. Baadhi yalitumia seli zinazoitwa MG-63, ambazo asili yake ni uvimbe wa mvulana wa miaka 14. Karibu rika moja na yule wa kwenye bodaboda.

Ila kwenye kisahani seli zimelala, dawa inazimwagikia zote kwa pamoja. Ukiimeza, kurkumini nyingi huishia chooni, na ile kidogo inayopenya hubadilishwa na utumbo na ini kabla haijafika mbali. Wapo wagonjwa waliomeza gramu 8 kwa siku, na bado kilichoonekana kwenye damu yao kilikuwa kidogo mno. Kwa manjano yenye asilimia 3 ya kurkumini, gramu 8 ni zaidi ya robo kilo ya unga kila siku. Mchuzi huo nani ataumaliza?

Sidharau mitishamba, na siwezi, kwa kazi yangu. Lile ua dogo lenye rangi ya waridi na petali tano, ambalo asili yake ni Madagaska na sasa limejaa kwenye nyua zetu, ndilo lililotupa vinkristini. Dawa hiyo hutumika hadi leo kutibu saratani ya mfupa iitwayo sakoma ya Ewing, pamoja na dawa nyingine. Lakini huingizwa kwenye mshipa, na kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa dozi, kwa sababu ikizidi huharibu neva. Anayechemsha majani ya ua lile hajui sufuria yake ina miligramu ngapi. Kutoka kwenye jani hadi kwenye kichupa cha sindano ilipita kazi ya miaka, na wauzaji wanairuka kazi hiyo yote kwa sentensi moja ya lebo.

Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge kwa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu wa Loliondo, shilingi 500, kwa hiyo siwashangai wazazi. Ninalokuomba liko kwenye mamlaka yako. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Liagize kwamba lebo au tangazo lolote linalotaja utafiti liseme ulifanyika wapi: kwenye kisahani, kwa panya, au kwa binadamu. Neno moja tu, kwa herufi kubwa.

Pili, zahanati zipate waraka. Kijana mwenye maumivu ya mfupa yasiyoisha, hasa yanayomwamsha usiku, au mwenye uvimbe karibu na goti, asichuliwe, apigwe eksirei. Osteosakoma hukimbilia mapafuni. Zamani, upasuaji ulipokuwa peke yake, waliopona hawakufika asilimia 20. Penye huduma kamili ya dawa na upasuaji, wanaowahi kabla haijasambaa hupona kama wawili kati ya watatu. Miezi minne ya kuchuliwa inakula nafasi hiyo.

Niliwaandikia karatasi ya kwenda hospitali, wakaondoka na bodaboda ileile. Chupa mama aliiacha kwangu. Ipo kwenye rafu ya nyuma, nusu imeshanywewa. Mkaguzi wako akipita Morogoro, aiulizie.

Wako,
Mfamasia, Morogoro