Idd Mubarak kutoka Arusha

Ndugu zangu wa Kaloleni, Ngarenaro, Unga Limited na Sakina, nanyi mlio mbali mnaousubiri mwezi pamoja nasi, Idd Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu na visimamo vya usiku.

Siku hizi za kuulizana kiasi cha fitri, sadaka ya chakula ya kumaliza Ramadhani, fikra zangu zimekuwa kwa tajiri mmoja wa zama za Mwingereza, Abdulkarim Karimjee, aliyewahi kuwa Meya wa Dar es Salaam. Ukoo wake wa Kibohora, Waislamu wenye asili ya India, ulianza biashara Zanzibar mwaka 1818, ukaneemeka kwa karafuu, na huku bara kwa mkonge. Mwaka 1955 familia hiyo iliukabidhi mji wa Dar es Salaam ukumbi tunaouita Karimjee mpaka leo. Humo ndimo Bunge la Tanganyika huru lilimokutana, naye mwenyewe akiwa Spika, hadi Chifu Adam Sapi Mkwawa alipokipokea kiti mwaka 1962.

Sifa zake nazitoa kwa kipimo. Utawala ule uliwapanga watu kwa rangi, na mkata mkonge aliyeizalisha mali ile hakuitwa barazani. Hilo linaniuma hata leo. Lakini matajiri wangapi wa wakati ule walijenga ukuta tu wakajifungia? Huyu na jamaa zake walijenga ukumbi, na waliokuwa wakikatazwa kukaa vitini wakaja kuketi humo na kuitungia nchi yao sheria. Namwombea dua kwa hilo.

Mwaka 1960 umeya wa Dar es Salaam ukashikwa na Mwafrika wa kwanza, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi na mhubiri, aliyefariki mwaka 1964 akiwa waziri. Hakuacha mashamba. Aliacha mashairi, na uwanja wetu mkubwa hapa mjini unaitwa kwa jina lake. Watoto watakaopita hapo na kanzu mpya waambieni ni nani.

Sasa fitri, jamani. Ni pishi moja ya chakula, kama kilo mbili na nusu za mchele, kwa kila aliyemo nyumbani, mtoto mchanga naye ahesabiwe, na itoke kabla ya sala ya Idd. Wenye maduka Soko Kuu na Kilombero, pimeni leo. Mjane wa jirani naye anataka apike asubuhi na mapema kama ninyi.

Idd njema.