Habari Iliyoshukia Malindi

Malindi

Shoga yangu Zena,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na twawaombea uzima nyote huko Amu. Bi Mkubwa mpe mkono wangu.

Swali la wanafunzi wako limenipendeza mno: wanaanga wamejuaje kuwa mlipuko wa miale ya gama, ile nuru kali kuliko zote isiyoonekana kwa macho, na nyota inayokufa ni jambo moja? Jawabu lake limepita hapa kwetu, nawe usiache kuwaambia hivyo.

Milipuko hiyo ilinaswa mara ya kwanza 1967 na setilaiti za Vela, ambazo Wamarekani walizirusha kuchunga majaribio ya nyuklia. Miaka ikapita bila mtu kujua inatoka karibu au mbali, maana hudumu sekunde chache tu. Mwaka 1996 Waitaliano na Waholanzi wakarusha setilaiti ya BeppoSAX, ya kutazama eksirei za angani. Ilizunguka usawa wa ikweta, na kila ikipita juu yetu ilishusha data zake kwenye kituo cha Malindi, kile cha Ngomeni chenye majukwaa baharini. Tarehe 28 Februari 1997 ikanasa mlipuko. Ilipogeuzwa kuuelekea, muda wa saa nane baadaye, eksirei zilikuwa bado zinang'aa. Siku tatu baadaye zimefifia mno. Zena, huo ndio mng'ao wa kwanza wa baada ya mlipuko kupata kuonekana, na habari yake ilishukia pwani hii! Nikiyaona majukwaa yale najawa na fahari.

Nyota yenyewe huwa kubwa sana, imekwisha kupoteza matabaka yake ya nje. Kiini kikiporomoka na kuwa tundu jeusi, hufyatuka mikondo miwili inayokaribia kasi ya nuru. Humo ndimo itokamo miale ya gama, na mikondo ikigonga gesi iliyo jirani, ndipo tunapopata mng'ao. Mwili wa nyota nao hutawanyika: hiyo ni supanova. Nuru yake hutiwa nguvu na nikeli yenye unururifu, kwa hiyo hukawia kufika kileleni, wiki mbili hivi. Wachoree grafu: mng'ao unashuka, unashuka, kisha panatokea nundu, ndiyo nuru ya supanova. Hata ule wa 1997, vipimo vilipopitiwa upya, ulikutwa na nundu.

Aprili 1998 BeppoSAX ikanasa mlipuko mwingine, na upande ule ule wa mbingu ikaonekana supanova 1998bw. Mlipuko ulikuwa dhaifu kupita kiasi, wengine wakasema ni sadfa. Ule wa 29 Machi 2003 ndio uliokata shauri: mng'ao ulipopungua, spektra yake, yaani nuru iliyochambuliwa rangi kwa rangi, ikatoa alama zile zile za supanova ya 1998. Mimi ningeanza kufundisha na huo.

Ila haya ni ya milipuko mirefu, inayozidi sekunde mbili. Mifupi ina asili nyingine, nyota za nyutroni, yale masalio madogo mazito ya nyota zilizokufa, kugongana; nitakuandikia.

Skuli zikifungwa waleteni Ngomeni. Mkipanda basi la asubuhi Mokowe, mchana mtakula kwangu.

Shogayo,
Mwanaisha