Ukiumwa, sema

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Nakuandikia usiku huu kwa taa ya simu, stima zimepotea tena, wewe umelala na mabegi yako yameziba ukumbi. Barua hii nitaitia katikati ya kanga zako, utaikuta huko huko. Nikikuambia uso kwa uso utasema, "Mama, ushaanza."

Jana uliponieleza unachokwenda kusomea London, namna seli za mwili zinavyojikinga na virusi, nilikuwa nakuna nazi, ukadhani sikusikizi. Nilisikiza, na mengine nimeyaandika nyuma ya kalenda. Seli iliyokwisha kukomaa, ya ngozi au ya ini, ikivamiwa na virusi hutoa interferoni, ile waliyoigundua Isaacs na Lindenmann huko huko London mwaka 1957. Interferoni hiyo huwafikia majirani, na kila jirani akawasha jeni zake za kujikinga, mamia kwa mamia. Mie nikaona ni kama mtu kupiga ukelele wa mwizi hapa Kibokoni. Seli shina, ile changa ambayo haijakomaa na ndiyo huzaa seli nyingine, yenyewe haipigi ukelele, wala ukelele wa wenziwe hauishtui sana. Yenyewe baadhi ya jeni hizo huwa imeziwasha tangu mwanzo, virusi viwepo visiwepo, na kuna protini zinazokaa kwenye utando wake kuvizuia visipenye. Hayo ulisema yaliandikwa 2018 na watu wa maabara ya Charles Rice, New York. Nikakuuliza, basi mbona isiziwashe zote? Ukasema nyingine huizuia seli isigawanyike, hata huiua, na seli shina isiyogawanyika kazi yake imekwisha. Ulijibu vizuri, mwanangu. Hata mbuzi ikanikata kidole kwa kukutazama, nikanyamaza.

Sasa nisikize. Ukiumwa, sema.

Maana wewe ni kama seli shina hiyo, huna ukelele. Yale ya chikungunya, homa ile ya mbu, unayajua, mwaka ule ule 2018, sina haja ya kuyarudia. Jina lenyewe la Kimakonde, la kujikunja, na wewe ulijikunja kweli. Lakini siku mbili nzima ulikwenda shule na homa yako, kimya, mpaka magoti yalipokataa. Kwa nini hukusema? Labda ni kwa sababu wiki ile ulisema kichwa kinauma nikakuita mvivu. Labda. Na lile pipa la uani, watu wa afya walipita wakasema lifunikwe, mbu wale hutaga kwenye maji safi na huuma mchana. Ubao wake nilikuwa nimeuchukua nikaufanya wa kukatia samaki. Maji ya mfereji yenyewe yalikuwa yaja mara moja kwa wiki, mtu asiweke pipa?

Huko virusi utavishika mwenyewe, tena vya Zika, vya mbu yule yule wa mapipa. Umeniambia kuna glavu, kuna kabati la kioo linalovuta hewa, kuna wakaguzi. Sawa. Mikono yako siitilii shaka, tangu mdogo hujapata kumwaga kitu. Mdomo ndio nautilia shaka. Glavu ikitoboka, mwambie msimamizi wako saa hiyo hiyo, usimwambie rafiki ukaishia hapo. Ukipata homa nenda kwa daktari, kisha nipigie, hata kama hapa ni usiku wa manane. Usikae ukingoja uone kama itaondoka. Huko jirani hatakuja kukugongea mlango akisema mbona leo hujaonekana.

Ile habari ya mwaka 2021, waliyoiandika hao wenyeji wako wa London, kwamba seli shina ina kimeng'enya chake cha kukatakata uzi wa jenetiki wa Zika na hata wa korona, hiyo ilinipita. Utanieleza tena kwa simu. Kila Ijumaa, baada ya sala, na usinitumie ujumbe wa maandishi, nataka kusikia sauti.

Babako hasemi kitu ila leo amekwenda mara tatu kuangalia gurudumu la begi. Achari ya maembe nimeifunga plastiki mbili, ikimwagika kwenye vyeti utajua ulilipanga begi vibaya. Sweta aliyokupa shangazi ni mbaya, najua, ivae. Swaleh ataka chumba chako. Nimemwambia alale lakini kitanda asikisogeze.

Pipa nimelinunulia kifuniko cha plastiki Marikiti. Kimekuwa kikubwa kidogo, nimekifunga kwa kamba. Fundi wa mfereji amesema Jumamosi, akija. Ufunguo wa mlango wa uani nimeutoa kwenye pochi yako, usihangaike kuutafuta.

Mamako